Mwalimu Ghazala wa Nyuma ya Pazia

Waombolezaji wenzetu, mliosimama na jua hili la mchana hapa makaburini Netanya, nanyi mliobaki nje ya ukumbi kwa kukosa nafasi, familia ya marehemu inawashukuru na inaomba mtuvumilie, kwa maana ada yetu sisi ni maneno machache na udongo mapema, lakini Noga, binti pekee wa marehemu, amesema mama yake aliwasomesha watu kila Ijumaa kwa miaka zaidi ya thelathini, basi leo na wasomewe habari zake mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka mahali pachungu.

Marehemu Ghazala, binti wa Rahmin na Misauda Dadush, alizaliwa tarehe 14 Februari 1946 mjini Tripoli, Libya, katika mtaa wa Wayahudi ulioitwa Hara, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, na baba yake alikuwa fundi viatu. Mwezi wa Aprili 1949 familia nzima ilipanda meli hadi Haifa, wakapelekwa kambi ya wahamiaji ya Beit Lid, wakaishi ndani ya hema majira mawili ya mvua, mama akipika kuskusi juu ya jiko la mafuta ya taa huku mtu mmoja ameshikilia nguzo upepo usiwafunue, hadi mwaka 1951 walipopata vyumba viwili hapa Netanya.

Alianza shule mwaka 1952, na siku ya kwanza mwalimu wake aliona jina Ghazala ni la kule walikotoka, akamwandika Ayala, jina la Kiebrania lenye mnyama yule yule, swala, na aliporudi nyumbani kulieleza, baba yake alisema, "Sawa, wamembadilisha ngozi tu, miguu ni ile ile." Aliendelea na masomo hadi chuo cha ualimu cha wasichana, akahitimu Juni 1966, na tarehe 1 Septemba mwaka huo akaanza kufundisha Torati katika shule ya msingi ya wasichana hapa mjini, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2008, na wanafunzi wake wako hapa, wengine ni bibi sasa, na wote wanajua kwamba katika darasa lake kucheka kulikuwa hakukatazwi, kilichokatazwa ni kucheka bila kuelewa.

Tarehe 20 Agosti 1968, siku ya Jumanne, alifunga ndoa na Vittorio Jurno, kijana wa watu wa Tripoli pia, muuzaji wa vigae, mcheshi, mtanashati, mwenye sauti ya kuimba iliyowafanya wanawake wa upande wa pili wa pazia la sinagogi wapoteze ukurasa, na tarehe 3 Juni 1970 wakajaliwa mtoto wao, Noga. Familia haitasema leo kwamba Vittorio alikuwa mtu mbaya tangu siku ya kwanza, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuwahi kusema hivyo, alisema tu kwamba alikuwa mtu asiyeweza kuachia kitu, hata gazeti alilokwisha kulisoma.

Tarehe 6 Novemba 1977 Vittorio alisafiri kwenda Italia kutazama vigae, akaaga kwamba atarudi baada ya juma moja, akabaki Roma kwa binamu zake, na haukupita muda akawa anaishi na mwanamke mwingine, aliyemzalia wana wawili, na kwa sheria yetu wana hao hawana doa lolote. Lakini mwanamke ambaye mumewe hajaweka hati ya talaka ndani ya viganja vyake ni mke wa mume huyo hata mume akae ng'ambo miaka mia, hawezi kuolewa, hawezi kukaa na mwanamume, na akizaa, mtoto wake na wajukuu zake watabeba aibu isiyofutika, na sisi tuna jina la mwanamke wa namna hiyo, tunamwita aliyetiwa nanga. Ghazala alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Marabi wa korti ya dini walimwita Vittorio mara ya kwanza, mara ya pili, wakamwandikia, wakamtumia watu, na jibu lililorudi kupitia kwa mdogo wake, Lilo Jurno, lilikuwa lile lile kila mara, "Waambieni sijakataa. Sijasema neno."

Wengi wenu mlimfahamu marehemu kwa ile karatasi ya Ijumaa, na ilianza hivi. Mzee Khlafo Nahum, aliyekuwa mhudumu wa sinagogi letu, alichoshwa na watu waliokuwa wakipiga soga wakati Torati inasomwa, akamfuata mwalimu nyumbani kabla ya sikukuu za mwaka 1980, akamwambia, "Mwalimu, niandikie kitu kifupi juu ya sura ya juma, kitu cha kufurahisha, wakitie machoni wafunge midomo." Ghazala akamuuliza, "Wasome wanaume, au na wanawake?" Mzee Khlafo akasema, "Yeyote mwenye mdomo." Karatasi ya kwanza ilitoka Ijumaa, tarehe 3 Oktoba 1980, kwa sura ya Mwanzo, ikiitwa "Kutoka Nyuma ya Pazia", na chini yake hakutia sahihi ya Ayala, alitia Ghazala, na ndani yake aliandika kwamba Adamu alipoulizwa nani amekula tunda akajibu, "Ni huyu mwanamke uliyenipa," na kwa jibu hilo moja akawa mume kamili, kwa kuwa alimsingizia mkewe na aliyemwoza kwa pumzi moja.

Watu walicheka mpaka msomaji akakosea mstari, na Mzee Khlafo, aliyetaka kimya, akapata kelele ya namna nyingine, ila akasema hii angalau inahusu Torati. Tangu hapo ikawa kila juma. Aliandika kwamba Pasaka ni sikukuu ya kutoka utumwani, ambayo wanawake huingia utumwani mwezi mzima kabla yake, wakiwa na ndoo na brashi, na Farao wao ni mama mkwe. Aliandika kwamba katika Sikukuu ya Vibanda Mungu anatutoa kwenye nyumba zisizovuja, anatuweka chini ya makuti pamoja na mashemeji, halafu anatuamuru tufurahi, na kwamba katika amri zote hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Aliandika juu ya punda wa Balaamu, kwamba katika Torati yote ndiye wa kike pekee aliyebishana na bwana wake mbele za watu akaonekana ana haki, na ilimbidi awe punda. Karatasi ikatoka sinagogi letu ikaingia la jirani, ikavuka hadi Ashdodi na Tiberia, na nyumba nyingi za watu wa Tripoli zilikuwa zikiisoma mezani Ijumaa jioni baada ya samaki wa pilipili.

Sasa, ndugu zetu, kwenye sura ile ya Kumbukumbu la Torati ambamo imeandikwa kwamba mtu humwandikia mkewe hati ya talaka na kumpa mkononi, sura ambayo husomwa mwishoni mwa kiangazi, karatasi haikuwa na mzaha wowote, ilikuwa na mapishi ya samaki peke yake, kila mwaka, kwa maelezo ya kina, kitunguu saumu kiasi gani na moto wa namna gani, na wasiojua walidhani mwalimu amekwenda likizo. Mwanamke mmoja alimwambia siku moja nje ya sinagogi, "Wewe una raha, Mwalimu, huna mume wa kukusumbua, na kutwa unacheka." Ghazala akamjibu, "Nacheka kwa maandishi, mama." Hakuwa mtu wa kulalamika, lakini Noga anakumbuka kwamba mama yake hakununua kitanda kipya wala hakubadili jina kwenye kengele ya mlango, akisema mpangaji habomoi ukuta, na alipoulizwa ni mpangaji wa nani, nyumba si ni yake, alisema, "Nyumba ni yangu. Mimi ndiye wa mtu."

Mwaka 1983 alikuja mlangoni kwake mtu anayeitwa Meir Tayar, fundi wa miwani, mjane aliyefiwa na mkewe miaka miwili kabla, akiwa ameshika karatasi ya juma hilo, akasema, "Mwalimu, sijaja kulalamika, nimekuja kushukuru. Herufi zako ndogo hizi zinaniletea wateja." Ghazala akacheka, akaagiza herufi kubwa zaidi, na juma lililofuata Meir akarudi kusema kwamba sasa biashara yake imekufa, kwa hiyo hana budi kufanya kazi ya kumsambazia karatasi. Akawa anakuja kila Alhamisi baada ya kufunga duka. Na kwa kuwa mke wa mtu hakai na mwanamume nyuma ya mlango uliofungwa, mlango wa Ghazala ulikuwa unaachwa wazi, hadi ukutani, wazi kabisa, kiangazi na kipupwe, mvua ikipigwa na upepo hadi kwenye zulia, wao wawili wamekaa na makoti yao na chai mezani, na majirani wanapanda na kushuka ngazi wakisalimia. Mama Buaron wa ghorofa ya chini alikuwa akipaza sauti, "Mwalimu, hiyo sijaisikia vizuri, rudia!" na Meir naye anajibu kwa sauti, "Panda juu, mama, kiti kipo, sukari lete mwenyewe!"

Miaka kumi na minne walikaa hivyo. Hakuna mtu katika ngazi ile aliyewahi kuona jambo la kusema, na watu walijaribu. Meir alimwita Mwalimu, naye alimwita Bwana Tayar, na mtu asiyewajua angedhani ni mteja na karani wa posta.

Mwezi wa Septemba 1997, kabla tu ya Mwaka Mpya, Lilo Jurno alikuja na ujumbe kutoka Roma, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyebeba kitu kichafu, akasema, "Shemeji, Vittorio yuko tayari kukuachia. Ana sharti moja. Anataka uache kuandika." Ghazala akauliza, "Kuandika nini?" Lilo akasema, "Karatasi. Kuna watu kule wanaipata, wanaisoma baada ya sala, kila ukiandika Labani watu wanamtazama yeye, ukiandika Farao wanamtazama yeye. Anasema umemfanya kichekesho." Ghazala akasema, "Sijawahi kuandika jina lake." Lilo akasema, "Najua, shemeji. Nadhani hilo ndilo linalomuuma."

Alhamisi ile, mlango ukiwa wazi, alimweleza Meir, na Mama Buaron chini akanyamaza kwa mara ya kwanza katika historia ya jengo. Meir akasema, "Usiache. Mimi sijasema nina haraka." Ghazala akamwambia, "Una miaka sitini na mitano, Bwana Tayar." Meir akasema, "Na macho mazuri. Naweza kusoma hata herufi zako za zamani." Lakini Ghazala alikwisha kuamua, akasema kwamba vichekesho atakuwa navyo kichwani, hakuna atakayemzuia kuvisema nyumbani kwake, mlango ukifungwa.

Karatasi ya mwisho ilitoka kabla ya Siku ya Upatanisho, juu ya Yona ndani ya samaki, na ilikuwa fupi, ilisema kwamba watu hushangaa Yona alikaaje mle siku tatu, lakini ajabu kubwa zaidi ni kwamba aliomba kwa maneno mazuri vile mahali penye harufu vile. Kisha zikaja sikukuu, Torati ikaanza tena tangu mwanzo, na viti vya sinagogi vikabaki na matangazo ya maziwa na samani. Watu walimuuliza, naye akasema amechoka. Mzee Khlafo, aliyekuwa na miaka themanini, alimsimamisha barabarani, akamwambia, "Jana wamepiga soga hata mimi nimepiga." Familia inakumbuka majira yale ya mvua kuwa ndiyo marefu kuliko yote, kwa sababu wakati wa kungoja awali alikuwa na pa kupumulia kila Ijumaa, na sasa alingoja bila tundu, na Noga alipomtembelea alimkuta ameshika kalamu juu ya karatasi tupu, kama mvutaji aliyeacha sigara anavyoshika kijiti.

Vittorio alikuja. Tarehe 20 Januari 1998, Jumanne asubuhi, walisimama mbele ya marabi watatu, mwandishi akiwa ameshaandika hati kwa mkono, mashahidi wawili wamesimama, na Vittorio amevaa koti la rangi ya kahawa, amenenepa, nywele zimepakwa rangi. Ghazala aliambiwa avue pete, afungue viganja viwili pamoja kama anayekinga maji, asifunge vidole mpaka hati itue. Akakinga. Noga alikuwa amesimama nyuma yake, na ndiye aliyetuhadithia. Vittorio alichukua hati, akaishika juu ya viganja vile, akavitazama, akasema, "Mikono yako imezeeka, Ghazala." Yeye hakushusha mikono. Rabi mkubwa akasema, "Bwana Jurno, endelea." Vittorio akaikunja hati mara moja zaidi, akaiweka mezani, si mikononi, akasema, "Labda kesho." Marabi walimkemea, mmoja aliinuka na kugonga meza, Lilo mdogo wake alimshika kola akimlilia, lakini Vittorio alitoka, na amri ya kumzuia ilipokuwa tayari, yeye alikuwa ameshapanda ndege. Noga alimkuta mama yake bado amekinga viganja, ikabidi amshike mikono ajue kwamba imekwisha.

Hakulia njiani. Alipofika nyumbani alivaa miwani, akatazama sura ya juma ilikuwa ipi, na ikawa ni ile ya mapigo ya Misri, na Ijumaa, tarehe 23 Januari, karatasi ikarudi vitini bila maelezo. Aliandika kwamba Farao alikuwa na vyura kitandani, vyura kwenye tanuri, vyura kwenye unga, na Musa alipomuuliza, "Ni lini unataka niwaombee waondoke?" mfalme mwenye akili timamu akajibu, "Kesho." Akaandika kwamba wasomi wamehangaika na jibu hilo vizazi na vizazi, na yeye mwenyewe kwa miaka mingi hakulielewa, hadi juma hili, ambapo ameelewa kwamba wapo watu ambao ni afadhali walale usiku mmoja zaidi na vyura kuliko kuonekana wameachia. Habari ya korti ilikuwa imeshaenea. Sinagogi zima lilisoma, na kwa muda hakuna aliyethubutu, kisha Mzee Khlafo akaanza kucheka peke yake, akicheka huku anafuta machozi kwa shali ya sala, na pazia la wanawake likatikisika, na nasikia kule Roma nako ilisomwa.

Vittorio hakurudi tena. Meir aliendelea kuja Alhamisi, na mlango ukaendelea kuwa wazi. Tarehe 11 Novemba 2003 Meir Tayar alifariki kwa ugonjwa wa moyo, na siku mbili kabla, hospitalini, ambako milango haifungwi, alimwita Ghazala kwa jina lake, mara moja tu. Wanawe walikaa matanga siku saba, wakaketi chini juu ya viti vifupi, nguo zimechanwa kifuani, na Ghazala alifika kama jirani, akaleta dengu na mayai ya kuchemsha, akakaa kwenye kiti cha kawaida karibu na mlango, akaondoka na majirani wengine saa ya kuondoka, maana kwa sheria hakuwa chochote kwake. Nguo yake haikuchanwa. Ijumaa karatasi ilitoka, na watu walicheka, wala hakuna aliyejua aliiandikaje.

Tarehe 5 Februari 2006 Lilo alipiga simu kwamba Vittorio amefariki Roma. Kwa hiyo Ghazala, akiwa karibu kutimiza miaka sitini, akawa mjane, na kwa ujane akawa huru, na wanawake wa ngazini wakasimama na sinia zao wasijue waseme pole au hongera. Noga alimsihi, "Mama, usimkalie matanga mtu huyu. Toka nje, twende baharini." Ghazala akasema, "Miaka ishirini na minane nimekuwa mke wake kwa sheria tu, basi nitakaa kwa sheria, asije mtu akasema hata ujane wangu una kasoro." Akafunika vioo, akachana nguo, akaketi chini. Na kwa kuwa mfiwa haruhusiwi kushika Torati siku saba, karatasi haikutoka juma lile, naye akasema, "Mnaona? Hata kutoka kaburini ameisimamisha."

Siku ya tatu, nyumba imejaa, na Lilo naye ameketi chini kando yake kwa kuwa amefiwa na kaka yake, aliingia mwalimu kijana wa shule, mgeni mjini, asiyejua habari yoyote, akamshika Ghazala mkono akasema kama ilivyo ada, "Mwalimu, tusimulie basi, marehemu alikuwa mtu wa namna gani?" Watu waliinamisha macho. Mama Buaron akaanza kukohoa ili kuharibu lile swali. Ghazala akasema, "Alikuwa mtu wa chai. Chai nzito, karanga juu, na analalamika kwamba karanga ni chache. Akiona miwani yangu ina vumbi ananyoosha mkono, nami naivua nampa, anaipangusa kwa pindo la shati, anairudisha, hatusemi kitu. Mvua ikiingia ndani anahamisha kiti chake akae upande wa upepo, anasema yeye hupenda hewa. Miaka ishirini hajawahi kuniuliza mpaka lini." Chumba kizima kilielewa ni nani anayeliliwa pale. Mwalimu yule kijana akasema, "Mungu amrehemu, alikupenda." Ghazala akageuka kumtazama Lilo, kwa kuwa matanga yalikuwa ya kaka yake, na kama angeinuka akatoka angekuwa na haki. Lilo alikuwa analia. Akasema, "Kaka yangu hakupenda chai, shemeji. Endelea."

Akaendelea siku zote zilizobaki. Hivyo ndivyo Meir Tayar alivyokaliwa matanga mara ya pili, na mtu aliyestahili kumkalia.

Mwishoni mwa kiangazi kile, tarehe 1 Septemba 2006, ilipofika tena sura ya hati ya talaka, watu waliwahi sinagogi kuliko kawaida, wakitaka kuona mwanamke huru ataandika nini. Aliandika kwamba ndani ya sura hiyo hiyo kuna amri juu ya ndege mwenye makinda, kwamba ukimkuta kiotani sharti umwache mama aende zake, na anayemwachia ameahidiwa maisha marefu, na kwamba aya hiyo ameitafutia mzaha tangu ujana wake na hajaupata. Chini yake ilifuata pishi la samaki, kama miaka yote.

Watu walimuuliza kama sasa ataolewa, na wapo waliojileta, hata wenye magari. Alisema kengele ya mlango imeandikwa Dadush sasa, na herufi zimemgharimu muda mwingi. Alinunua kitanda. Alikwenda mara moja Tripoli kwa njia pekee iliyowezekana, yaani kwa kukaa na dada zake na kubishana mtaa wao ulikuwa na visima vingapi. Lakini familia haitawadanganya kwamba alipata tena ile miaka, au kwamba alijifunza kirahisi kufunga mlango wake akiwa ndani, kwani hadi mwisho tulimkuta mara nyingi ameuacha wazi, na tukimwambia baridi inaingia anasema hajaisikia.

Mwezi wa Oktoba 2012 alianza kusumbuliwa na tumbo, akagundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa dawa na kufanyiwa upasuaji mmoja, akapata nafuu mwaka mzima, akaandika mwaka mzima, na alipoishiwa nguvu za mkono alimwambia Noga amwandikie, akimkemea kwa kucheka kabla sentensi haijaisha. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya sikukuu ya Purimu mwaka huu, juu ya Malkia Vashti aliyeitwa karamuni akasema haji, na akaisifu kuwa hotuba fupi kuliko zote katika Maandiko na iliyogharimu kuliko zote. Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya jana, Jumanne, tarehe 25 Machi 2014, Noga akiwa amemshika viganja vyote viwili. Ameacha binti mmoja, wajukuu watatu na dada wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia kusahihishwa Kiebrania chao, walimu na wanafunzi wa shule aliyoitumikia, majirani wa ngazi yake, na kwa namna ya pekee Mama Buaron, ambaye kwa miaka thelathini alisikia kila kitu na hakusema chochote kibaya, wana wa marehemu Meir Tayar waliobeba jeneza pamoja nasi, na Mzee Lilo Jurno, aliyetoka Ashdodi na fimbo yake, aliyeomba asitajwe, nasi tumemtaja.

Sabato hii itasomwa sura ya ukoma na madoa ya ngozi na kuvu kwenye nguo, sura ambayo hakuna anayeipenda, na tutaisoma kavu hivyo hivyo, bila karatasi vitini, na wenye kupiga soga watapiga.

Jambo moja limebaki. Juu ya mawe yetu ya makaburi huchongwa ombi kwamba nafsi ya marehemu ifungwe katika furushi la uhai, nalo ni ombi zuri, la tangu wahenga. Marehemu aliwaambia binti yake na wajukuu, na rabi wa mtaa ameridhia, "Kwangu msiandike hivyo. Kufungwa basi." Kwa hiyo jiwe lake litakuwa na jina lake tu, Ghazala, alilopewa na mama yake.

Nenda zako, Mwalimu. Pumzika, hakuna anayekushika.